Kapteni na Mlango wa Kamba

Kituo cha televisheni kilikuwa na utaratibu wake wa kuhukumu vipindi maalumu, na utaratibu huo haukupindishwa kwa ajili ya mtu yeyote. Waamuzi watatu hukaa kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya tatu, mapazia yameshushwa, chupa ya chai iko mezani. Kipindi hutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, kama anavyotazama mtu nyumbani kwake, miguu juu ya stuli. Mara ya pili bila sauti hata chembe, kama fundi cherehani anavyoigeuza nguo nje ndani ili aone mshono. Kisha kila mmoja husema kwa kinywa chake: kipite, au kisipite. Kura mbili zikikubali, kipindi kinarushwa. Zisipofika mbili, kinawekwa kabatini, na kilichoingia kwenye kabati lile hakuna aliyewahi kukiona kikitoka.

Jumatatu hiyo kilichohukumiwa kilikuwa kipindi cha kuienzi "Ng'ambo ya Nyota". Hii ilikuwa tamthilia ya chombo cha anga na watu wake, wanaozunguka kutoka sayari hadi sayari wakitafuta pa kutua. Ilianza enzi zile ambazo maigizo yalirushwa moja kwa moja kutoka studio. Ukikosea, umekosea mbele ya nchi nzima. Baadaye ikafa, ikalala miaka mingi, kisha vijana wenye kompyuta zao wakaifufua. Sasa vijana hao walikuwa wametengeneza kipindi kimoja cha kuchekesha, cha kuwakumbuka waliowatangulia, na walitaka kirushwe Ijumaa.

Miongoni mwa waamuzi watatu alikuwamo Kapteni mwenyewe.

Hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Hata pikipiki hakujua kuendesha. Lakini kwenye kioo aliongoza chombo cha anga kwa miaka kumi na moja, na jina likamganda kama gundi ya ndevu za bandia. Muuza magazeti alimwita Kapteni, daktari wa meno alimwita Kapteni, na mkewe alimwita Kapteni pale tu alipotaka kumtuma dukani.

Kilichomjengea jina hakikuwa vita na madude ya angani, bali kusimama mlangoni. Kila alipofika mbele ya mlango ndani ya chombo kile, Kapteni alisimama, akainua kidevu, akafumba macho, akatulia. Kisha mlango ukafunguka wenyewe, naye akaingia kukabili lolote lililokuwa ndani. Watu wengine walisema anatafakari. Wengi walisema anasali. Watoto wakaiga mbele ya milango ya madarasa mpaka walimu wakakoma.

Tamthilia ilipokwisha, wenzake wakatawanyika kutafuta riziki kwingine. Yeye alibaki na hotuba. Aliiita "Kusimama Mlangoni", na aliitoa mashuleni, vyuoni, kwenye mikutano ya wafanyakazi na kwenye nyumba za ibada. Alisimulia jioni moja ambapo mlango ulikawia, nchi nzima ikitazama, naye akasali sala ya kweli, si ya maigizo; na tangu jioni hiyo hakupita mlango wowote bila kumkabidhi Mungu kilichomo ndani yake. Wasikilizaji walitoka wakifuta macho. Hotuba hiyo ndiyo iliyompa mkate na heshima mjini, na kwa kweli ndiyo iliyompa sababu ya kunyoa ndevu asubuhi. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa na mwaliko katika chuo cha wauguzi, ukumbi mkubwa, wanafunzi wote.

Katika hotuba nzima, tangu salamu hadi dua ya mwisho, neno "kamba" halikuwamo.

"Leo unakwenda kuwapa vijana pasi au unakwenda kuwakata?" mkewe alimuuliza asubuhi, akimwekea kola sawa.

"Nakwenda kutazama kwanza."

"Wewe na kutazama! Ukiona wamekuwekea tumbo kubwa, utawanyonga."

"Sina tumbo kubwa."

"Ndiyo maana nasema utawanyonga," mkewe akasema, akampiga piga begani kama anayeondoa vumbi, akampisha apite.

*

Chumbani aliwakuta wenzake wawili wameshakaa. Mmoja alikuwa mkuu wa vipindi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti. Alisifika kwa kutocheka. Wafanyakazi wake walisema ukimwona ametikisa bega la kulia, jua amechekeshwa sana, nenda kaombe likizo siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa Mchambuzi, anayeandika magazetini kuhusu tamthilia na filamu, bwana mwembamba mwenye koti la mikono mifupi kidogo. Alipomwona Kapteni alisimama wima.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Kaa, bwana, usisimame kama umeitwa mahakamani."

"Mbele yako siwezi kukaa kwanza. Nilipokuwa darasa la tatu nilivunja jino kwa ajili yako. Nilifumba macho mbele ya mlango wa choo, mtu akausukuma kwa kasi kutoka ndani."

"Pole."

"Si pole! Nasimulia kwa fahari."

Mama Mwenyekiti akabonyeza rimoti, taa zikapungua.

Kipindi kilianza na wale vijana wa chombo kipya wakipotea ndani ya wingu. Walipotoka upande wa pili, wakajikuta ndani ya chombo cha zamani. Hapo ndipo mzaha ulipoanza. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya bati, na ukiziegemea zinayumba. Nyota zilikuwa matundu kwenye kitambaa cheusi, balbu moja ikiwaka nyuma yake. Dude la kutisha lilikuwa zulia, na chini ya zulia zilionekana soksi. Kijana mmoja alishika usukani ukang'oka, akatazama huku na huku, akaurudisha polepole. Mchambuzi alicheka mpaka akashika mbavu. Kapteni naye alicheka, maana usukani ule uling'oka kweli, na zaidi ya mara moja.

Kisha akatokea kapteni wa chombo kile cha zamani, kijana mwenye ndevu za gundi na sauti nzito ya kuazima. Akawaongoza wageni wake kwenye ujia. Wakafika mlangoni. Akasimama, akainua kidevu, akafumba macho. Wale vijana nyuma yake wakagongana kama mabehewa, wakanyamaza kwa adabu, wengine wakavua kofia. Mlango ukafunguka. Mlango wa pili, vilevile. Kwenye mlango wa tatu, fundi mitambo wao, msichana mwenye papara, akachoka kungoja. Akapenya kwenye ufa wa ukuta, akaenda nyuma.

Nyuma ya ukuta alimkuta mwanamume amekaa juu ya kreti, kikombe mkono mmoja, kamba mkono wa pili.

"Wewe ni nani?" msichana akauliza.

"Mimi ndiye umeme," yule mwanamume akajibu.

"Umeme gani?"

"Wa milango. Nikivuta, inafunguka. Nikinywa chai, Kapteni anatafakari."

"Na ukilala?"

"Nikilala, anasali."

Bega la kulia la Mama Mwenyekiti likatikisika, mara moja, tena mara ya pili. Mchambuzi hakucheka. Aligeuka kumtazama Kapteni gizani, kwa jinsi mtu anavyomgeukia mfiwa.

Kapteni alikuwa ametulia tuli. Uso aliuzoesha miaka mingi kutosema chochote mpaka uambiwe. Aliwaza ukumbi wa chuo cha wauguzi. Aliona wanafunzi wamekaa safu kwa safu, ameshafika mahali pale ambapo huinua kidevu na kufumba macho, na kutoka safu ya nyuma sauti moja inasema, "Nikilala, anasali," ukumbi mzima unaangua kicheko. Baada ya hapo kuna nini? Hakuna hotuba tena. Mtu wa umri wake hawezi kuanza kutafuta hotuba nyingine.

Kipindi kiliisha kwa maandishi meupe: *Kwa wote waliovuta milango.* Taa zikawaka.

"Chai," Mama Mwenyekiti akasema. "Kisha bila sauti."

*

Mwandishi wa kipindi alikuwa ujiani, kwenye benchi, mikono kati ya magoti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa raba na miwani mikubwa. Utaratibu ulimruhusu kusalimia waamuzi, haukumruhusu kuwabembeleza. Kapteni alimjua. Alikuwa binti wa Bawabu.

Bawabu lilikuwa jina la utani la mvuta kamba, na Kapteni ndiye aliyembatiza. Miaka kumi na moja yule mtu alikaa nyuma ya ukuta wa mbao akifungua milango, na jina lake halikuwahi kuandikwa mwisho wa kipindi, hata herufi ndogo. Alifariki mwaka uliopita, na Kapteni alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mikono tu inatetemeka."

"Ikalie."

Akaikalia. Kapteni akanywa chai yake kidogo, akatazama ngazi, akatazama tena kikombe.

"Ile habari ya kulala," alisema, "nani alikupa?"

"Baba. Si mara moja. Kila tulipokuwa na wageni mezani ilibidi isimuliwe. Mama alikuwa akiona anaanza, anaondoka kwenda kuosha vyombo."

"Alisimuliaje?"

"Kwamba mimi ndiye niliyemlaza. Nilikuwa nimezaliwa karibuni, nalia usiku kucha, hakuna anayefumba jicho. Akaja kazini anaona mbili mbili. Mlango wa mwisho wa jioni ile, akaegemea ukuta kidogo tu, akapotea. Alipozinduka alisikia kimya, akachungulia ufani, akakuona umesimama, macho umefumba, midomo inacheza. Akavuta kamba nusura aing'oe."

"Na baada ya hapo?"

"Kwamba mwongozaji alishuka kutoka juu anatoa moshi puani. 'Nani kalala?' Ukasema hakuna aliyelala. Ukasema wewe mwenyewe uliamua kutulia pale. Baba alisema ungefungua mdomo tu, angerudi nyumbani bila kazi, na mimi sijafikisha mwezi."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliyoyasema Kapteni jioni ile aliyasema kumfichia mwenzake. Hata kabla mwongozaji hajamaliza kufoka, simu za kituo zikaanza kulia. Watazamaji waliguswa, walitaka kujua Kapteni alisali sala gani. Mwongozaji akageuka kama bendera kwenye upepo. Toka wiki iliyofuata Bawabu aliamriwa asivute kamba upesi, awe anakawia kwa makusudi. Na uongo mdogo wa kumwokoa mtu ukaota mizizi, ukazaa matawi, ukawa hotuba.

"Sikuandika ili uchekwe," binti akasema.

"Umeandika nichekwe kidogo."

"Kidogo, ndiyo." Akainua macho. "Baba pia anachekwa. Yeye ndiye amelala."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Kapteni alifungua kinywa kusema angekubali, akaona ni uongo, akakifunga. Mama Mwenyekiti akatoa kichwa mlangoni, akawaita.

*

Mara ya pili, bila sauti, kipindi kilikuwa kitu kingine. Mizaha mingine ilikufa papo hapo, kwa sababu ilikuwa ya maneno matupu. Mingine ikazidi. Dude la zulia likitembea kimyakimya lilikuwa na huzuni fulani. Mama Mwenyekiti alitazama huku ameshika kidevu. Mchambuzi alikuwa amekunja mikono, hatazami sana, keshamaliza hukumu yake.

Kapteni alimtazama yule kijana mwenye ndevu. Alimtazama kwa jicho la kazi, na kazi ikamtuliza. Mwendo, kijana aliupata. Kidevu, alikipata. Hata kidole gumba kilichokuwa kinasugua mshono wa suruali, jambo ambalo Kapteni mwenyewe hakujua kama lilionekana, alilipata. Lakini kusimama hakukupata. Alisimama kama mtu anayengoja lifti. Mwili wake ulijua mlango utafunguka.

Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililomkera Kapteni kuliko mzaha. Dhidi ya mzaha hakuwa na hoja. Maneno ya yule mvuta kamba yalikuwa sawasawa na yaliyotokea, tena kwa ufupi kuliko ambavyo Bawabu angeweza kuyasema. Alijaribu kutafuta kasoro nyingine ya kukikatia kipindi. Mwanga wa sehemu ya mwisho ulikuwa mkali mno. Msichana fundi alikuwa anatazama kamera mahali pamoja. Makosa hayo hayakutosha kukipeleka kipindi kabatini, naye alilijua hilo, na Mungu alilijua kabla yake.

Taa zikawaka.

"Nianze mimi," Mchambuzi akasema, na hakungoja aruhusiwe. "Kisipite. Nimecheka, sikatai. Usukani, zulia, yote safi. Lakini huwezi kumwenzi mtu kwa kumvua nguo. Kusimama kwa Kapteni ni kitu kitakatifu kwa watu wa rika langu. Kuna watu wamejifunza kusali kwa ajili yake. Leo watoto wa juzi wanakuja kutuambia eti ilikuwa kamba, eti mtu kalala! Wameitoa wapi hiyo? Wametunga. Na wametunga kwa sababu hawana wanachokiheshimu."

"Mzaha mmoja tu," Mama Mwenyekiti akasema.

"Mzaha mmoja kwenye mboni ya jicho, mama."

"Wakiukata je?"

"Hatuna kukata. Kinapita kizima au hakipiti. Utaratibu ni wako mwenyewe."

"Najua utaratibu wangu." Akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mimi nasema kipite. Ni kipindi kizuri. Kinachekesha na hakina chuki. Nimeitafuta chuki mara mbili, kwa sauti na bila sauti, sikuiona." Akamgeukia Kapteni. "Sasa kura zimelingana, moja kwa moja. Kapteni, jambo hili linakugusa mwenyewe. Ukitaka kutoka, toka, hakuna wa kukulaumu. Ukitoka, kura zitabaki hivyo zilivyo, na kipindi hakitapita."

"Toka, Kapteni," Mchambuzi akasema kwa upole. "Huna haja ya kuchafua mikono. Tuachie sisi."

Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Hakutakiwa kusema uongo. Hakutakiwa hata kupinga. Alitakiwa kusimama tu, kuchukua kofia yake, na kwenda nyumbani akiwa ameheshimiwa. Jumamosi angeingia ukumbini, angeinua kidevu, na ukumbi ungenyamaza kama kawaida. Na Bawabu angerudi nyuma ya ukuta wake, safari hii kabatini, na huko hakuna ufa wa kuchungulia.

Kapteni alisali. Hakufumba macho, maana wangedhani anaigiza. Alimwomba Mungu ampe sababu nzuri ya kutoka. Alikaa kidogo akingoja sababu hiyo. Haikuja.

"Hawakutunga," akasema.

"Nini?" Mchambuzi akauliza.

"Kamba ilikuwapo. Milango yote ilikuwa ya kamba. Ulidhani televisheni ya zamani ile ilikuwa na milango ya umeme? Hata kipaza sauti tulikuwa tunaazimana."

"Kamba, sawa. Kamba naielewa. Lakini kulala..."

"Alilala. Usiku alikuwa anabembeleza mtoto. Mtoto mwenyewe ni yule aliyekaa nje pale kwenye benchi."

Mchambuzi akatazama mlango, akamtazama tena Kapteni. "Na ile sala?"

"Nilisali. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango usiofunguka, nchi nzima inanitazama, sijui kama mwenzangu amezimia au amekufa. Ungekuwa wewe usingesali? Kwanza nilisema, 'Vuta, vuta, ndugu yangu.' Nilipoona havuti, nikamgeukia Mungu." Akaweka kikombe chini. "Mstari ule ni sahihi. Alilala, nami nikasali. Hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza."

Mama Mwenyekiti hakutikisa bega. Alisubiri.

"Kipindi kina kosa moja," Kapteni akaendelea. "Yule kijana anangoja vibaya. Anangoja kama mtu aliyesoma maandishi na anajua ukurasa unaofuata. Mimi sikujua ukurasa unaofuata. Ndiyo tofauti pekee kati ya mzaha wao na jambo lenyewe. Lakini kwa kosa moja la mwigizaji, kipindi hakizuiwi. Kama tungezuia kwa hilo, mimi nisingerushwa hata wiki moja. Kipite."

"Kura mbili kwa moja," Mama Mwenyekiti akasema, akavaa miwani.

"Ile moja ni yangu na siirudishi," Mchambuzi akasema. "Nakuheshimu, Kapteni, lakini siirudishi. Kuna vitu vya kweli ambavyo havina ulazima wa kurushwa saa ya chakula."

"Una haki yako."

"Nilivunja jino, Kapteni."

"Najua, bwana. Umeniambia."

*

Mama Mwenyekiti alimwita mwandishi, akamwambia kwa maneno machache kwamba kimepita kama kilivyo, Ijumaa, saa ile ile iliyopangwa, na kwamba mwanga wa mwisho ni mkali. Binti alisema asante kwa kila mmoja, hata kwa Mchambuzi, aliyeitikia kwa kichwa huku akifunga vifungo vya koti. Alipofika kwa Kapteni hakusema asante. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akauachia, akashuka ngazi mbio kuwaambia wenzake. Kelele zao zilisikika kutoka chini, kisha mlango wa studio ukafungwa.

Kapteni alibaki ujiani. Alikaa kwenye benchi lile lile, akatoa simu, akampigia mkuu wa chuo cha wauguzi. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio: kipindi, kamba, usingizi, sala. Alisema anaona ni vema mkuu asikie kutoka kwake kabla ya kuona kwenye kioo.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke wa maneno yaliyopimwa. "Nitakuwa mkweli kwako, Kapteni. Wanafunzi walikuwa wanangoja ile ya sala."

"Ya sala ipo."

"Na ya kamba?"

"Nayo ipo. Siwezi tena kuitoa moja bila nyingine."

"Ijumaa watakuwa wameangalia wote. Ukisimama mbele yao Jumamosi watacheka. Nawajua. Hawa si watu wa kujizuia."

"Watacheka, ndiyo."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitangoja wamalize."

Mkuu wa chuo akasema atazungumza na wenzake na kumjibu.

Jibu lilikuja Alhamisi, kwa kinywa cha karani. Hotuba ipo, ila haitakuwa ukumbini. Ukumbi umepata shughuli nyingine. Amepangiwa darasa namba mbili, na atasikilizwa na watakaopenda, maana kuhudhuria si lazima tena. Karani aliuliza kama Kapteni bado yuko tayari, au wamfutie kabisa.

Kapteni akasema darasa linatosha, akaomba aelekezwe liko upande gani wa jengo.